HDD, SSD, ekstano au flashi: chagua kwa kuangalia inavyokufa

Binti mmoja wa mwaka wa tatu pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, aliingia kibandani kwangu Sabasaba asubuhi moja ya Novemba. Ilikuwa saa tatu tu, na jua la Dodoma lilishaanza kuwa kali. "Shikamoo fundi." Nikaitikia, nikamkaribisha kwenye benchi. Akatoa laptopu aliyoizungushia kanga. "Tangu jana inalia tik-tik-tik, halafu inastaki. Na ripoti yangu ya utafiti imo humu humu." Akataka kuiwasha ili nisikie mwenyewe, nikamzuia. "Usiiwashe tena, mwanangu. Nimeshasikia."

Niliitoa diski, nikaifunga kwenye mashine yangu ya Linux, nikaanza kuinakili kwa ddrescue, programu inayochota kwanza sehemu zinazosomeka na kuziachia mbovu mwisho. Ilichukua usiku mzima na nusu ya siku iliyofuata. Tuliokoa sura nne kati ya tano. Siku anakuja kuchukua mzigo wake akaniuliza swali ambalo karibu kila mteja huniuliza: "Sasa fundi, diski gani haifi?"

Haipo. Nikamrudishia swali lingine: kwa kuwa zote zitakufa, wewe unataka ikufie vipi? Kuna inayougua kwanza ukaisikia, kuna inayolala nzima ikaamka maiti, na kuna inayokuibia faili moja moja ukiwa unaiangalia. Mimi nalinganisha hivyo. Kasi na bei nitazigusa, lakini kasi haijawahi kumliza mtu kibandani kwangu.

HDD: mgonjwa anayelalamika

HDD ndiyo ile "hard disk" ya zamani tunayoijua, yenye sahani zinazozunguka ndani. Ukoo wake ni mrefu: ya kwanza kuuzwa ilikuwa ya IBM mwaka 1956, na ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, ikabeba herufi milioni 5, kama megabaiti 4 hivi. Leo hiyo ni picha moja ya simu. Za kwenye laptopu nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wako ni mnene kuliko nafasi hiyo mara maelfu. Ndiyo maana laptopu ikianguka huku imewaka, au ikirushwarushwa kwenye bodaboda mtu hajaizima akidhani kufunga mfuniko kunatosha, kichwa kinagusa sahani na kuikwaruza. Palipokwaruzika hapasomeki tena.

Lakini ina ungwana mmoja: mara nyingi huugua kabla ya kufa. Inakuwa nzito. Folda inachukua dakika kufunguka. Inalia. Na kabla hata ya kulia, ndani yake kuna daftari la afya linaloitwa SMART, ambalo unaweza kulisoma kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Rangi ya bluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni kufungasha virago. Mimi siangalii rangi peke yake, natazama mistari mitatu: namba 5, 197 na 198. Ya kwanza inahesabu sekta zilizoharibika zikahamishiwa kwenye akiba, ya pili zile zinazosubiri hukumu, ya tatu zile zilizoshindikana kusahihishwa. Zikiwa sifuri zote, tunaendelea na maisha. Zikianza kupanda wiki hadi wiki, nunua nyingine sasa, usingoje mwisho wa mwezi.

Sisemi hivyo kwa kutisha watu. Mwaka 2007 wataalamu wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja za kwao. Waliona kwamba diski ikishaonyesha kosa lake la kwanza inapojikagua, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 kuliko ile isiyo na kosa. Uchunguzi huo huo una upande wa pili ambao wauzaji hawautaji: ukiacha kipimo cha joto, zaidi ya theluthi ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kwenye daftari lile. Kwa hiyo HDD hulalamika mara nyingi, lakini si mara zote.

SSD: anayelala mzima

SSD haina kinachozunguka. Ni chipu za kumbukumbu za aina ya NAND, ambazo Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba walizitambulisha mwaka 1987, pamoja na chipu moja msimamizi tunayoiita kontrola. Haisikii kutikiswa, haina kelele, inakula umeme kidogo. Laptopu ya zamani iliyokuwa inachukua dakika tatu kuwaka, ukiitia SSD inawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Watu wanaogopa SSD "inaisha kwa kuandikwa". Ni kweli chipu zake huchakaa kila zinapoandikwa, na kiwanda hutaja kiasi inachodhamini. Kingston A400 ya GB 240 imedhaminiwa mpaka terabaiti 80 za kuandikwa, Samsung 870 EVO ya GB 500 mpaka 300. Piga hesabu: ukiandika GB 20 kila siku, bila Jumapili wala sikukuu, hiyo ya terabaiti 80 utaimaliza baada ya siku 4,000, yaani karibu miaka 11. Laptopu yenyewe itakuwa imeshachoka. Sijapokea hata SSD moja ya mwanafunzi iliyokufa kwa kuchakaa hivyo.

Kinachoziua ni kontrola, au ramani ambayo kontrola huitunza ili ijue kipande gani cha faili kiko kwenye chipu ipi. Ramani ikivurugika, faili zako zote bado zimo mle ndani lakini hakuna anayejua zilipo. Kompyuta inasema haioni diski kabisa, au inaiona ina baiti sifuri. Kuna aina ya kontrola ikivurugika diski inabadilisha hata jina, inajitambulisha kama "SATAFIRM S11". Fundi akiona jina hilo kwenye kioo anaanza kutafuta maneno ya pole.

Na mimi fundi nililiwa hivyo hivyo. Mwaka juzi nilihamishia picha za harusi ya mdogo wangu kwenye kompyuta ya mezani, SSD mpya ya miezi mitano, afya asilimia 99. Jioni ile umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya robo saa. Asubuhi hakuna kitu. Hakukuwa na mlio wala rangi ya njano. Picha nyingine nilizikuta kwa mpigapicha, lakini zile nilizopiga mwenyewe kule Kondoa, wazee wakipokea mahari, hazipo mpaka leo, na shangazi hajaacha kuniuliza.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo tofauti inapobana zaidi kwa sisi wa huku.

HDD imetengenezwa ikijua umeme utakatika. Sahani zikiwa bado zinazunguka kwa nguvu ya mwendo, mota inageuka kuwa kijenereta kidogo kinachotoa umeme wa kutosha kurudisha vichwa mahali pake pa kuegeshwa. Kinachoharibika mara nyingi ni faili uliyokuwa unaiandika, si diski. SSD za maduka ya kawaida hazina akiba ya namna hiyo. Zile za seva huwa na kapasita ndogo zinazoipa kontrola muda wa kuandika ramani yake kabla ya kuzimika, nazo bei yake ni nyingine.

Ushauri wangu kwa hiyo unaweza kukushangaza: kabla ya kununua SSD ya bei mbaya, angalia betri ya laptopu yako. Nusu ya laptopu zinazopita mezani kwangu zina betri iliyokufa, mwenyewe anaitumia kama redio, ikichomolewa inazimika. Betri nzima ni UPS ya bure, yaani akiba ya umeme inayoshika pale wa ukutani unapokatika. Kwa kompyuta ya mezani, nunua UPS hata ndogo. Stebilaiza inasawazisha umeme unaopanda na kushuka, lakini umeme ukikatika nayo inakatika. Watu wengi huchanganya hivi viwili na wauzaji hawajisumbui kuwasahihisha.

Vumbi na joto

Kwa ufupi: vumbi letu haliingii ndani ya HDD, kwa sababu tundu lake la kupumulia lina kichujio. Linaziba feni, feni ikiziba joto linapanda, na joto ndilo linaloumiza. HDD nyingi zimeruhusiwa kufanya kazi mpaka nyuzi 60 na SSD nyingi za SATA, zile zinazoingia nafasi ile ile ya HDD, mpaka 70. Safisha feni kila kiangazi, usiweke laptopu juu ya godoro.

Ikishakufa, nani anarudi?

Umefuta faili kwa bahati mbaya kwenye HDD? Acha kuitumia, niletee. Programu za bure kama PhotoRec mara nyingi huzikuta, maana HDD ikifuta faili inafuta tu jina lake kwenye orodha, mwili unabaki mpaka uandikiwe juu. Kwenye SSD kuna amri inaitwa TRIM: Windows ikifuta faili inaiambia SSD kwamba nafasi ile haitakiwi tena, nayo inaisafisha yenyewe kwa wakati wake. Baada ya dakika chache hakuna cha kutafuta. Ni jambo zuri kwa kasi, baya kwa mwenye kidole cha haraka.

HDD iliyovunjika vichwa huweza kufunguliwa na wataalamu kwenye chumba kisicho na vumbi kabisa, wakapandikiza vichwa vya diski nyingine ya aina ile ile. Kazi hiyo ni ghali sana, na haifanyiki kwenye kibanda. Fundi akikufungulia HDD mezani upepo wa Sabasaba ukipita, mkimbie. Na ile dawa ya kuiweka kwenye friji, sahau: ikitoka inapata umande ndani.

SSD ambayo kontrola yake imekufa ni ngumu zaidi, kwani nyingi za siku hizi husimba data kwa ufunguo ulio ndani ya kontrola hiyo hiyo. Kwa maana hiyo, kwenye kipengele hiki HDD inashinda.

Ekstano na flashi

Ekstano nyingi ni HDD ya inchi mbili na nusu ndani ya ganda la plastiki, basi. Yote niliyosema juu ya HDD inayahusu, halafu ongeza ugonjwa wake mwenyewe: soketi. Ule mdomo mpana wenye sehemu mbili hulegea, na kwenye baadhi ya ekstano umechomelewa moja kwa moja kwenye ubao wa diski, kwa hiyo huwezi kuitoa diski ukaichomeka kwenye kompyuta kwa waya mwingine. Usiibebe ikiwa inaning'inia kwenye kebo, na usiichomoe kabla haijatulia.

Ekstano ya SSD inavumilia safari. Kama kazi yako ni kuzunguka Mpwapwa, Kongwa, Manyoni ukipiga video za harusi na mikutano, hii ndiyo ya kubeba kwenye begi. Ila ibebe kazi ya leo, usiifanye ghala.

Flashi sitaizungumzia sana. Ni ya kupeleka faili stesheneri kuchapisha, na kurudi na virusi. Chipu zake ni za daraja la chini, inachomolewa ovyo, inafuliwa ndani ya suruali. Na siku hizi kuna wizi: flashi au "ekstano" inayojitangaza TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana, ndani kuna chipu ya GB 32 au 64 iliyodanganywa ijisome kubwa. Unanakili, inapokea yote kwa tabasamu, na baada ya kujaa inaandika juu ya vya zamani. Unaona majina ya faili yote yapo, ukifungua hayafunguki. Hiyo ndiyo ile inayokuibia ukiwa unaiangalia.

Kukaa kabatini

Ukitaka kuhifadhi kitu miaka mingi bila kukigusa, HDD ndiyo yangu. SSD huhifadhi data kama chaji za umeme ndani ya chipu, na chaji huvuja polepole ikikaa bila umeme, haraka zaidi kukiwa na joto. Kiwango cha JEDEC, chombo kinachopanga viwango vya chipu, kwa SSD za watu wa kawaida kinadai kwamba hata iliyofika mwisho wa uhai wake itunze data mwaka mmoja ikiwa imezimwa kwenye nyuzi 30. Iliyo mpya hukaa muda mrefu zaidi ya hapo, lakini kabati la chumba chenye bati jekundu Oktoba si nyuzi 30. HDD ya kabatini nayo iwashe mara mbili tatu kwa mwaka, uisome, uirudishe.

Na wingu?

Yaani kuweka faili mtandaoni. Google hutoa GB 15 za bure. Kwa ripoti ya utafiti ni nafasi ya kumwaga: sura tano na majedwali yake hazifiki hata GB moja. Kwa mpiga video ni hadithi nyingine. GB 500 kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde inachukua saa 111, siku nne na nusu bila kukatika, na bado hujaulizwa bando. Kwa zahanati na shule zenye taarifa za watu, kumbukeni pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, msipakie majalada kwenye akaunti ya mtu binafsi kwa sababu tu ni bure.

Nani anunue nini

Mwanafunzi: SSD ya SATA ya GB 240 au 480 ndani ya laptopu, na ripoti kwenye wingu kila siku. Usishawishike na NVMe, ile SSD nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao, kama laptopu yako haina nafasi yake. NVMe nyingi hufika megabaiti 3,500 kwa sekunde au zaidi na SATA inaishia karibu 550, lakini HDD uliyotoka nayo ilikuwa inajikongoja kwenye 100 hivi. Utakachokihisi ni kutoka HDD kwenda SSD yoyote. Hatua ya pili utaihisi ukihamisha mafaili makubwa tu.

Mpiga picha na video: SSD ya kufanyia kazi, HDD mbili za ghala zenye vitu vile vile, moja nyumbani Nkuhungu na nyingine kwa ndugu Kisasa. Mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za chombo, moja ikae mbali. Mwizi akivunja studio hachagui diski. Hapa ndipo bei inapoongea: kwa ukubwa wa TB 4 na kuendelea, gawa bei kwa gigabaiti, utaona HDD bado iko chini sana. Ila uliza kama ni ya SMR, ambayo mistari ya data kwenye sahani hupandiana kama vigae. Inahifadhi vizuri, lakini ukiimiminia mafaili mengi kwa mkupuo inazubaa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba Western Digital iliweka SMR kwenye baadhi ya diski za WD Red bila kusema, wateja wakaja juu, ndipo kampuni ikachapisha orodha.

Duka lenye kamera: HDD ya kamera, kama WD Purple au Seagate SkyHawk, iliyotengenezwa kuandika usiku na mchana. Usitie ya laptopu.

Ofisi inayotumia kompyuta za mezani: SSD ndani, UPS chini, HDD ya bakapu inayochomekwa Ijumaa na kuchomolewa. Inayobaki imechomekwa hupigwa na umeme ule ule na virusi wale wale.

Za mtumba

Nazungumzia diski, si Mtumba ule mji wa Serikali hapa Dodoma. HDD ya mtumba si dhambi, mradi uisome. Mstari namba 9 wa SMART unaonyesha saa ilizowaka. Mwaka una saa 8,760, hivyo inayosema 40,000 imefanya kazi miaka minne na nusu bila kulala, pengine ndani ya mashine ya kamera huko ilikotoka. Siinunui kwa bei yoyote. SSD ya mtumba sinunui kabisa.

Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayotunza data za watu kwenye maelfu kwa maelfu ya diski, ilitangaza kwamba mwaka 2023 zilikufa kwa kiwango cha asilimia 1.4, kama 14 katika kila 1,000. Hizo ni diski zinazokaa kwenye ubaridi, umeme hautetereki, hakuna anayezipakia bajaji. Zako hazina bahati hiyo.

Ukienda dukani nenda na laptopu yako. Dai risiti ya EFD yenye namba ya diski, maana bila hiyo dhamana ni maneno ya mdomoni. Chomeka hapo hapo kaunta, fungua CrystalDiskInfo: mpya inapaswa kuonyesha saa chache sana na mistari 5, 197 na 198 ikiwa sifuri. Kwa flashi na ekstano za bei ya ajabu, tumia H2testw, inayoijaza yote na kuisoma upya. Ikiwa kubwa itachukua saa kadhaa, hivyo mwambie muuzaji utarudi kesho kama si kweli, akuandikie nyuma ya risiti.

Yule binti alinunua SSD ya GB 240 na betri mpya, akabakiwa na nauli. Diski yake ya zamani nimeitundika ukutani kwa msumari, mfuniko wazi. Ukija saa za mchana utauona mkwaruzo kwenye sahani, duara jembamba linalong'aa.